CD ya MRI ya baba tuliikuta bandani inafukuza mwewe: kisa cha milimita tano za aota

Wakuu, amani iwe kwenu, pamoja na nyie mnaosoma kimya kimya bila akaunti.

Haya ni mambo ya nyumbani kwetu Kipawa na yametokea mwaka huu. Nimebadilisha jina moja tu. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika, kwa sababu mimi si daktari. Ni binti ninayesoma shahada ya uzamili ya upimaji ardhi, na mtaona baadaye kwa nini nalitaja hilo.

Baba ana duka la viungo na tende Tabata, alilorithi kwa babu. Mwaka jana sauti yake ilianza kukwaruza bila mafua. Tukasingizia vumbi la pilipili manga. Baadaye yakaja maumivu ya kifua yanayopenya hadi mgongoni, tukaenda hospitali.

Kipimo cha moyo cha ultrasound kilionyesha kuwa aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, imetanuka ndani ya kifua. Wenyewe wanaita aneurysm. Fikirieni tyubu ya baiskeli iliyodhoofu sehemu moja: ukijaza upepo, pale ndipo panapovimba. Hatari yake ni kuchanika.

Ili kuiona yote vizuri, tukaagizwa MRI. Niliuliza kwa nini isiwe CT scan. Daktari wa moyo, mama mmoja mtulivu sana, akasema kipimo hiki kitarudiwa kwa miaka mingi, na MRI haitumii mionzi.

(Mnaokwenda kupima, zingatieni: vueni kila kitu cha chuma au madini yoyote. Baba ana pete ya fedha yenye jiwe la akiki ambayo haijatoka kidoleni tangu aoe. Ilitoka kwa sabuni na dua. Alipomaliza akasema mashine inagonga kama mafundi wanapaua nyumba, na kila akianza kusinzia anaambiwa abane pumzi.)

Majibu: upana wa aota, milimita 43. Akapewa dawa za presha, akakatazwa kubeba magunia, akaambiwa arudi baada ya mwaka.

Tulikabidhiwa vitu viwili, karatasi ya majibu na CD yenye picha zenyewe. Karatasi ikasomwa mbele ya familia nzima, kisha shangazi Mwanaidi, dada yake baba tunayeishi naye, akaipeleka kupigwa lamination na kuifungia sandukuni pamoja na hati ya nyumba. Ndivyo tulivyo wengi wetu. Majibu ni karatasi yenye mhuri.

CD hakuna aliyeuliza ilipo.

Mwaka huu baba akarudia MRI, safari hii katika hospitali nyingine. Majibu: milimita 48.

Daktari aliziweka karatasi mbili sambamba. Akasema kama kweli imekua milimita tano ndani ya mwaka mmoja, hiyo ni kasi kubwa, na inabidi tuzungumzie upasuaji wa kufungua kifua sasa, si baadaye.

Baba akamwambia, "Daktari, Ramadhani hiyo inakuja. Tende zangu nani ataziuza?"

"Mzee wangu, tende atauza yeyote. Aota ya akiba sina."

Baba akacheka. Mimi sikuweza.

Wakuu, sitawaficha, nilitikisika. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje nikafungua kompyuta na kuchora grafu. Nukta ya mwaka jana, nukta ya mwaka huu, mstari katikati, kisha nikaurefusha kwenda miaka ijayo. Mstari ulipanda vizuri mno. Nikamwona baba yangu anapanda nao hadi mahali ambapo sikutaka kupataja.

Lakini nukta mbili hazikosi kukaa kwenye mstari mmoja, hata kama zote ni za uongo. Na katika fani yangu, kiwanja kilichopimwa mara mbili na watu wawili hakilinganishwi mpaka ujue kila mmoja alianzia jiwe lipi la mpaka.

Nikarudi ndani. "Samahani daktari, vipimo hivi viwili vilipimwa sehemu ileile ya mshipa, na kwa namna ileile?"

Akasema, "Ndilo ninalotaka kumuuliza mtaalamu wa radiolojia. Lakini yeye hasomi karatasi, anataka picha za zamani apime mwenyewe. CD mnayo?"

Nikajibu ipo. Sikuwa na hakika.

Tulipiga simu kituo cha kwanza. Picha za mwaka jana hawakuwa nazo tena. Ikabaki nakala yetu. Sanduku likafunguliwa: hati ipo, karatasi tuliyoirudisha inang'aa kama cheti cha mtihani, CD haipo.

Nikamuuliza shangazi.

"Ile ya hospitali? Si iko kwa kuku."

"Kwa kuku, shangazi?"

"Mwewe wamezidi! Nikaitundika na zile za kaswida. Inang'aa kuliko zote, tangu niiweke hajachukuliwa kifaranga hata mmoja."

"Hizo ni picha za moyo wa baba!"

"Weye nawe! Majibu si tulisomewa? Mie nikajua picha zimeshakwisha kazi."

Baba alikuwa kibarazani na kahawa yake. Akasema, "Mwache shangazi yako. Mwaka mzima nalinda kuku, nami sijui."

Ilikuwa inaning'inia kwa uzi juu ya banda, imepigwa jua na mvua, ina mikwaruzo na kinyesi upande mmoja. Namshukuru Mungu, maandishi ya kalamu ya hospitali hayakuwa yamefutika, la sivyo ningepeleka kaswida.

Kompyuta yangu haina sehemu ya kuingizia CD, nikaenda kwenye steshenari moja Tabata yenye mashine ya zamani. Kijana wa pale akaigeuza geuza, akaniuliza, "Sista, hii mmeikaangia chapati?" Tukaiosha kwa maji na sabuni, tukaikausha kwa kitambaa laini. Mafaili mengine yaligoma kabisa. Mengine yalinakilika taratibu, huku nikijikuta nimebana pumzi bila mashine yoyote kuniamuru.

Hospitalini mtaalamu wa radiolojia akaona kuwa picha za sehemu iliyovimba zimepona. Akaziweka za zamani na mpya kwenye skrini moja, akachagua sehemu ileile ya mshipa, akapima zote kwa mkono wake, toka nje ya ukuta mmoja wa mshipa hadi nje ya ule wa pili.

Mwaka jana: 47. Mwaka huu: 48.

Alivyotueleza, kipimo cha kwanza kilichukuliwa chini kidogo ya pale palipotanuka zaidi, tena bila kuhesabu unene wa ukuta. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alianzia jiwe lake. Na tofauti ya milimita moja, akasema, inaweza kuwa ni mkono wa mpimaji tu.

Daktari wa moyo akaahirisha mazungumzo ya kisu. Hakusema baba amepona, naomba hili lieleweke. Tanuko lipo na ni kubwa kuliko tulivyodhani mwaka jana. Dawa zinaendelea, magunia ni marufuku, MRI itarudiwa baada ya miezi sita kwenye mashine ileile. Grafu yangu nimeifuta.

Funzo nililolipata: karatasi ni maelezo ya mtu aliyeziona picha. Picha ndizo ushahidi. Ombeni CD, nakilini siku hiyohiyo kwenye flash na simu ya ndugu, na kila mkirudi kupima nendeni nazo, muombe zilinganishwe picha kwa picha.

Kesho yake asubuhi shangazi alinisimamisha mlangoni, mikono kiunoni.

"Haya, baba yako umemwokoa. Mwewe kashachukua kifaranga. Nani wa kunirudishia?"

Nimemtundikia CD tupu, mpya. Anadai haing'ai kama ile.

Ile yenyewe sasa iko sandukuni, juu ya hati ya nyumba.

Wenye wagonjwa wa aota, au mnaofanya kazi kwenye vyumba vya MRI, nikosoeni nilipokosea. Na nyie wengine, kabla hamjacomment, nendeni kwanza mkaangalie CD zenu ziko wapi.