Kisanduku cha Tundu Moja

"Papa, tundu moja unauzisha namna gani?"

Muuzaji alimtazama mama yangu, akanitazama mimi, kisha akakitazama kisanduku cheusi kilicholala juu ya meza yake ya kioo. Kilikuwa na matundu manane mbele, yamepangwa kama milango ya nyumba ya njiwa, na mama alikuwa ameshaweka kidole kwenye la kwanza. Yeye huuza maharagwe hapo hapo sokoni Nyawera, na asiyetaka gunia humpimia kikombe. Aliona duka hili nalo lina adabu hiyo hiyo.

"Maman, hii haiuzishwake hivyo," muuzaji akasema. "Unabebaka yote."

"Ju ya nini? Niko na midomo munane?"

Tulikuwa tunatafuta kisanduku kwa sababu ya shingo yake. Kwa miaka mingi mama alikuwa na uvimbe shingoni, hapo chini ya koo, ambao yeye aliuita mpangaji. Alisema ni mpangaji mpole, hafanyi kelele, ila hana nia ya kuhama. Mwaka huo mpangaji akaanza kumbana wakati wa kumeza, na daktari akasema lazima atolewe, Jumatatu. Akatueleza pia, bila kuficha, kwamba mshipa wa sauti unapita jirani kabisa na mahali pale. Sauti ingeweza kurudi kama ilivyokuwa. Ingeweza pia kushuka, au kukwaruza.

"Sasa nitatoka na sauti ya nani?" mama akauliza.

Daktari alicheka. Mama hakucheka.

Njiani kurudi aliniambia anachotaka. Tumetoka saba tumboni mwake, na wote saba alitulaza kwa wimbo mmoja wa Kimashi, lugha ya kwao, aliorithi kwa mama yake kule Mudaka. Unamhusu kuku anayekataa kulala mpaka kila mtu nyumbani ampe usiku mwema kwa jina lake. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mjamzito. "Ule mutoto atakuya," mama alisema, "na mimi nitamuimbia na sauti gani? Unishikie hii ya sasa, mbele ya Jumatatu."

Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi ni mwalimu wa fizikia na ninapiga gitaa kwenye kwaya ya parokia. Katika familia yetu mambo hayo mawili yakikutana, unakuwa fundi wa kila kitu chenye waya. Nilijaribu kwanza kuirekodi kwa simu peke yake. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya bidoni ya maji. Maikrofoni nzuri ya kwaya ningeweza kuazima. Kilichokosekana ni kile kisanduku cha katikati, ambacho mafundi wa hapa huita carte son.

"Kinafanya nini?" mama aliuliza tulipokuwa tukishuka kuelekea dukani.

Hapo ndipo ualimu unaponoga. "Maman, mihogo ikiisha kukauka, unaweza kuipika ugali hivyo hivyo?"

"Hapana. Inapita kwanza ku moulin, inasagwa."

"Basi. Sauti yako ni muhogo. Simu na kompyuta yangu, ile ordinateur, haviwezi kula muhogo, vinakula unga tu. Hiki kisanduku ni moulin. Muhogo unaingia huku, unga unatokea kule."

Alinivuta mkono tuvuke barabara. "Na kama moulin iko mubaya?"

"Unga unatoka na mawe."

"Ah! Tutafute basi moulin ya muzuri."

Kwa hiyo alipoingia dukani alijua anachotafuta kuliko wateja wengi. Nakwambia hivi wewe unayesoma ili usiogope: ukiwa na habari ya moulin kichwani, maswali ya kuuliza dukani si mengi. Ni watu wangapi wataimba au kupiga kwa wakati mmoja? Hayo ndiyo matundu. Kinakula umeme wa wapi, wa ukutani au wa kifaa kilichoungwa nacho? Na je, kina njia ya kukusikilizisha mwenyewe bila kuchelewa? Hili la tatu mama ndiye aliyelivumbua.

Muuzaji alikuwa na aina tatu. Kile cha matundu manane, ambacho kilitaka kuchomekwa ukutani. Cha matundu mawili, cha ukubwa wa tofali. Na kidogo cha tundu moja, chepesi kama sabuni, kinachokula umeme kupitia waya wake wenyewe. Alimvisha mama vipokea sauti vya kichwani, juu ya kitambaa chake, akamwekea mbele maikrofoni iliyochomekwa kwenye kile cha mawili. "Maman, sema kitu."

Mama hakusema. Aliita, kama anavyoita kila asubuhi: "Maharagi! Maharagi ya Mudaka, inaivaka mbio!"

Mbeba mizigo aliyekuwa akipita nje akarudi nyuma hatua mbili na kuchungulia mlangoni. "Maman, iko wapi?"

Lakini mama alikuwa ameshageuka kutazama nyuma yake. "Nani huyu ananirudilia? Kuna maman ananifuata!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, iliyokwenda mpaka kwenye kompyuta ya muuzaji na kurudi masikioni ikiwa imechelewa kidogo, kama mtu anayekimbilia misa baada ya kengele. Nikamweleza. Muuzaji akachomoa, akachomeka kile kidogo, akabonyeza kitufe kinachoirudisha sauti masikioni moja kwa moja kabla haijafika kwenye kompyuta. Mama akaita tena maharagwe. Akatabasamu. "Ule maman ameenda."

Mimi nilikuwa nimevutiwa na cha matundu mawili. Mama akaamua kwa njia yake: alikitikisa kile kidogo karibu na sikio kama anavyotikisa maharagwe kusikia kama yamekauka, akakipima mkononi, akasema, "Mudomo moja, tundu moja." Nikakisogeza pembeni kile cha mawili. Kwenye hesabu nilikuwa nakubaliana naye kabisa, na hilo ndilo lililokuwa kosa letu, ingawa tulikuja kulijua Jumamosi.

Tulipokwisha kuelewana bei, mama hakusogea. "Na matabish?"

Kila anayenunua kwake huongezewa kiganja juu ya kikombe; hiyo ndiyo matabish. Muuzaji aliguna, akafungua droo, akatoa kiwaya kifupi cha kuunganisha kisanduku na simu.

"Maman, tuko na ordinateur," nikanong'ona kwa haya. "Hatuhitaji."

"Matabish haikataliwake," akajibu, na kiwaya kikazama ndani ya kikapu.

Jumamosi asubuhi niligeuza chumba changu kuwa studio. Magodoro mawili ukutani, blanketi mbili dirishani, nguo zote za kabatini zikaning'inizwa ili sauti isigonge ukuta na kurudi. Nilizima redio. Nilimwomba mdogo wangu asipike. Nilikuwa najivunia ule ukimya kama mtu aliyejenga nyumba.

Mama aliingia amevaa kitenge cha Jumapili, akaketi wima kwenye kiti, mikono magotini, kama anayesubiri kupigwa picha ya kadi ya uchaguzi. Taa ya kisanduku ikawaka kijani. Nikampa ishara.

Alianza juu mno. Akasimama, akaanza tena, sasa chini mno. Mara ya tatu alifika ubeti wa pili, lakini maneno yalikuwa yanakimbia na mengine yanasinzia. Nikampigia mdundo kwa vidole mezani. Ikawa mbaya zaidi. Mara ya tano alifika ubeti wa tatu, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu.

"Nimesahabu," akasema.

Mama yangu hajawahi kuusahau wimbo ule. Aliuimba na malaria, aliuimba kwenye msiba. Alijigusa shingo. "Labda mupangaji ameisha kuubeba."

Nikanyoosha kidole nianze kurekodi upya. Kabla sijabonyeza, umeme ulikatika. Kompyuta yangu, ambayo betri yake ilishakufa zamani na inaishi kwa kushikilia ukuta, ilizimika na kila kitu ndani yake.

Mama akasimama, akavua kitenge cha Jumapili na kubaki na cha kazi alichokivaa chini yake. Inaonekana hata yeye hakuwa na imani sana na studio. "Niende nitwange sombe. Bantu watakula nini, magodoro?"

Nikabaki peke yangu kati ya blanketi, nikiwaza kwamba kesho ni misa na kesho kutwa ni Jumatatu.

Kisha nikasikia kutoka uani: tu. Tu. Tu. Mchi ukianguka kwenye kinu juu ya sombe, majani ya muhogo. Na juu ya mchi, bila haraka, kuku akakataa kulala. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu nao ukaja mzima mzima, kila neno likikalia pigo lake.

Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Mwalimu wa fizikia! Sisi saba hatukulazwa kitandani. Tulilazwa mgongoni mwake, tumefungwa kwa kitenge, huku anatwanga. Ule wimbo haukuwa na mdomo mmoja tu, ulikuwa na mdomo na kinu. Nami nilikuwa nimemwomba mwimbaji aache chombo chake nje kwa sababu kina kelele.

Nikakimbilia uani na maikrofoni, na kisanduku, na simu. Na kiwaya, ndiyo, kiwaya cha matabish. Kisanduku kikaunganishwa na simu, kikanyonya umeme wa simu, taa ikawaka kijani hapo hapo kati ya kinu na kamba ya nguo. Kile cha matundu manane kingekuwa kimekaa ndani kikisubiri ukuta upate nguvu.

"Unakuya kufanya nini na ile bintu kwa sombe?" mama aliuliza.

"Maman, endelea tu kutwanga."

Pigo la kwanza la mchi, taa ikawa nyekundu. Nyekundu maana yake unaimimina mihogo mingi kwa mpigo na moulin inakabwa. Nikapunguza kwa kuzungusha kifundo cha kisanduku. Sasa kinu kilikuwa sawa lakini mama amekuwa mbali. Tungekuwa na matundu mawili ningempa kila mmoja tundu lake, na kuwapatanisha baadaye polepole. Kwa tundu moja, ilibidi wapatane pale pale. Nikakunja gunia chini ya kinu kipunguze kishindo. Maikrofoni ile husikia mbele yake na huwa kiziwi upande wa mgongo, kwa hiyo nikaifunga kwenye kamba ya nguo, kwa kipande cha kitenge, usawa wa mashavu ya mama, na kukipa kinu mgongo.

"Hivi unaninasa kama samaki," alisema. Lakini alikuwa anatabasamu, na mikono ilishaanza.

Aliimba wote. Katikati ya ubeti wa pili jogoo wa jirani alichangia. Na mwanzoni mwa ubeti wa tatu, jirani mwenyewe akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ua, akiulizia umeme: "Maman, kwenu courant imerudi?"

Nilifumba macho. Mama hakupoteza pigo hata moja. Akamjibu ndani ya wimbo, kwa sauti ile ile ya kuku, kwamba bado: "Haiyaruuudi," tu, tu, na kuku akaendelea kukataa kulala.

Nikamwomba turudie, tupate moja safi. Akaonyesha ndani ya kinu. "Sombe imeisha kulainika. Nitatwanga nini tena, kinu?"

Basi tunayo hiyo hiyo.

Jumatatu mpangaji alihamishwa salama. Siku kadhaa mama alikatazwa kusema, akatutawala kwa kupiga makofi: moja chai, mawili fungeni mlango, matatu mmekosea. Sauti iliporudi, ilirudi chini, nene, na yenye mchanga kidogo. Aliijaribu kwa maharagwe kwanza. Wateja wake Nyawera walifikiri amepata mafua, na yeye hakuwasahihisha.

Mtoto alizaliwa wiki chache baadaye. Mdogo wangu alipomleta nyumbani, mama aliniomba vipokea sauti. Alikuwa bado hajausikiliza wimbo wake. Alikaa, mtoto mapajani, akasikiliza mpaka mwisho huku mimi nikijifanya natafuta kitu kabatini. Niliogopa kuutazama uso wake.

"Anaimbaka muzuri ule maman," akasema. "Lakini siku ile alitwanga mbio. Sombe ilikuwa na nyuzi."

Kisha akaniambia nimvue kile kitu kichwani, niweke simu mezani ili mtoto asikie. Wimbo ukaanza: tu, tu. Mama aliusikiliza mstari mmoja, akaingia. Hakujaribu kufika kule juu. Alipita chini yake, kwa sauti mpya, nusu hatua nyuma, kama yule mwanamke wa dukani aliyekuwa akimrudilia.

"Sasa tuko wawili," alisema kati ya beti. "Rudi kwa ule papa, umwambie atuuzishe tundu lingine."

Nikamweleza kwamba si lazima: sauti ya kwanza ilishakuwa unga, iko kwenye simu, kwa hiyo tundu lile moja linatosha kwa hii ya pili. Alinisikiliza kwa subira, kama anavyosikiliza masomo yangu yote, akaniashiria ninyamaze kwa sababu ubeti wa tatu ulikuwa unakaribia.

Jirani akauliza kutoka ndani ya simu kama umeme umerudi. Taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyetu. Mtoto alikuwa ameshafumba macho, na mama zangu wawili wakamjibu jirani kwa pamoja, mmoja juu, mmoja chini: "Haiyaruuudi."