Rémy Aliyewasemea Wazungu

Pale mtaani Bigo, asiyeijua sauti ya Rémy ni mgeni wa jana. Kazi yake ni kutafsiri filamu kwenye chumba cha video. Picha zinapita, naye na maikrofoni yake anawatia Wazungu Kiswahili mdomoni, na asichokielewa anakitunga. Spika inapeleka maneno yake hadi uani kwake. Lakini mganga hajigangi. Tangu mwanawe Prince auawe kwenye barabara ya kwenda Komanda, yeye na mkewe Godelive hawajalitaja jina la mtoto. Wanaombana chumvi, basi.

Jumapili moja baada ya ibada, mwenye chumba alileta filamu ya Waingereza wa zamani, iliyotokana na kitabu chembamba cha hadithi. Kwenye jalada la filamu aliona farasi na bunduki, akadhani ni vita. Kumbe ni mume na mke, nyumba ya mawe, chai na kimya. Rémy aliipiga spika kofi, akifikiri imekufa. Spika ilikuwa nzima.

Akaanza kutunga. "Mama, wezi bako inje! Leta bunduki!"

Watu wakaangua kicheko. Yule mama kwenye picha akafungua sanduku, akatoa viatu vidogo vya mtoto, akavifuta vumbi, akavirudisha. Mumewe alimwona kutoka mlangoni, akaondoka bila neno. Maikrofoni ilibaki mkononi mwa Rémy.

"Rémy, bwana yake anasema nini?" mtazamaji mmoja akauliza.

"Hasemi kitu."

"Basi weye sema! Si ndiyo kazi yako?"

Rémy alimchukia yule mwanamume wa kwenye picha, maana alimjua vizuri mno. Akaweka maikrofoni juu ya kiti, akatoka, matusi yakimsindikiza.

Godelive alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Rémy alivuta kigoda, akakaa karibu naye. Yeye, msemaji wa dunia nzima, aliogopa.

"Prince alikuwa anapendaka sombe," akasema.

Mchi ulisimama. Godelive akafuta mikono kwenye kitenge, polepole, bila kumtazama.

"Kumbe unamukumbuka. Kila siku ninasikia sauti yako toka kule, unasemea Bazungu bote. Nikasema mu roho, mutoto wangu tu ndiye hana mwenye kumusemea."

Rémy alikuwa akilia.

"Sema jina yake tena," Godelive akamwambia.