Mchungaji Aliyejifunza Kunguruma

Naimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu Makoko, kando ya ziwa, na nikitoka mazoezini nasikiliza muziki wa metali. Siyo roki ya kawaida. Nasema ile kali kabisa, ngoma zinaanguka kama mvua ya mawe juu ya bati, na mwimbaji haimbi, ananguruma. Niliambukizwa chuoni Mwanza na Msabato mmoja niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja. Aliisikiliza wiki nzima, na Ijumaa jua likianza kuzama aliizima kwa heshima, akafungua Biblia. Sijawahi kuona mtu mwenye dhamiri iliyotulia kama yule.

Mke wangu ni wa Bunda, kwao wafugaji. Siku ya kwanza nilipomsikilizisha, tukiwa bado wachumba, alivaa hedifoni kidogo tu, akazivua taratibu, akauliza, "Huyu anachinja au anachinjwa?" Alinikubali hivyo hivyo. Nadhani alitegemea ndoa ingeniponya.

Haikuniponya. Mwaka jana akaona amevumilia vya kutosha, akamwita mchungaji nyumbani bila kuniambia. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta sebuleni, mbele yake ugali wa muhogo na samaki mzima, sato.

"Bwana asifiwe, mwanakwaya."

"Amina, Mchungaji. Karibu sana."

"Mama anasema kuna sauti zinatokaga humu ndani."

"Amesema kweli."

Nikanawa mikono, nikakaa mezani, nikaweka wimbo kwenye simu. Mchungaji akasikiliza, tonge limesimama hewani. Akauliza yule mtu anasema nini. Nikamwambia anasema mwanadamu ni mavumbi, na siku ya hukumu hata wakubwa hawatapata pa kujificha.

"Mbona hayo nilihubiri Jumapili?"

"Ndiyo, Mchungaji."

"Ila mimi sikunguruma," akajitetea.

Mke wangu akaona kesi inamponyoka. "Lakini sauti ile, Mchungaji! Ile siyo ya Roho."

Ndipo nikaeleza jambo ambalo hata yeye sikuwa nimemwambia. Tulipomzika mama yangu Butiama, watu walikuja na nyimbo nzuri za faraja, na kila wimbo ulinipangusa machozi kabla hayajatoka. Nikarudi Makoko siwezi kulia, siwezi kuomba. Jioni moja nikaenda kukaa kwenye mawe ya ziwani, nikavaa hedifoni, na yule mtu akanguruma kwa niaba yangu mpaka nikalia. Nilipomaliza kulia niliomba, mara ya kwanza tangu msiba.

"Kumbe ndiko ulikokuwa unaendaga," mke wangu akasema polepole. Akanisogezea kichwa cha sato, ambacho kwa kawaida hampi mtu.

Mchungaji akanawa mikono. Mimi nikawa najiandaa kuwekewa mikono kichwani. Badala yake akakohoa, akainama karibu yangu. "Huyu bwana anaimba hivi mpaka mwisho? Koo halimuumi?"

Swali lake nililielewa. Mchungaji wetu anahubiri kwa nguvu zake zote tangu neno la kwanza, na ibada ikifika katikati sauti imekwisha, anabaki anarusha mikono huku mzee wa kanisa anatuambia alichosema. Na mkutano wa injili wa Bunda ulikuwa unakaribia.

Basi nikamfundisha. Tulikuwa tunakutana asubuhi kwenye yale yale mawe ya ziwani. Nilimwambia asikaze koo, asukume pumzi kutoka tumboni, kama mtu anayefukuza ng'ombe aliye mbali. Mwanzoni alitoa sauti ya mlango mbovu. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akaja mbio kuuliza kama mchungaji amekwamwa na mwiba wa samaki. "Hapana, mama, tupo kwenye maombi," mchungaji akamjibu, na sikuona haja ya kumsahihisha. Lakini alikuwa mwanafunzi hodari. Siku ngurumo ya kweli ilipomtoka, ndege wote wakaruka kutoka majini, na yeye mwenyewe akaangalia nyuma.

Bunda alihubiri mkutano mzima, na sauti haikumwisha. Siku ya mwisho alipofika kwenye hukumu alishusha sauti mpaka tumboni, akanguruma neno "mavumbi" hata spika zikatetemeka. Watu walilia. Baba mkwe wangu, ambaye hana dini yetu na alikuja tu kwa sababu uwanja uko karibu na zizi lake, alisimama. Akanishika bega. "Leo mtu wenu ameongea, mkwe. Siku zote alikuwaga analalamika tu."

Mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Alijiziba uso kwa kanga, mabega yanamcheza, na waliotuzunguka wakadhani ameguswa sana.

Kama metali ni dhambi au siyo, kanisa bado halijasema. Mzee mmoja alilileta suala hilo kikaoni, likaingizwa kwenye mengineyo, na mchungaji akafunga kikao kwa sala ndefu kabla hatujafika kwenye mengineyo. Sauti yake ilikuwa safi kabisa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa uani nasikiliza, sauti nimeipunguza kwa ajili ya amani ya nyumba. Mke wangu alikuwa anafua mablanketi kwa miguu ndani ya beseni kubwa. Nikaona miguu yake imeanza kufuata ngoma, haraka haraka, povu linaruka mpaka ukutani. Ngoma ziliposimama, naye akasimama. Zilipoanza tena, akaanza tena.

"Mama, unaipenda eh?"

"Mimi nafua," akasema. "Hebu ongeza sauti, hili la chini bado chafu."