Kabureta Yangu Kwenye Rafu ya Fundi wa Ipagala

Aliyenivunja mguu ni dereva wa lori, pale Ihumwa, amelewa mchana kweupe. Nasema wazi, akisoma ajijue. Lakini aliyetaka kunimaliza kabisa ni fundi wa Ipagala, niliyemwachia pikipiki yangu nilipokuwa wodini.

Ni pikipiki kuukuu ya Kiingereza, inawashwa kwa kiki tu. Niliporudi nyumbani ikawa inakohoa, inatema moshi mweusi, inazima. Na mguu wangu wa kulia, ule wa kiki, ukikanyaga kidogo tu unawaka moto. Bila pikipiki sifiki shambani kwangu Buigiri, na zabibu zilikuwa zimekaribia kuvunwa.

"Uza chuma chakavu, baba watoto," mke wangu akasema. "Au unataka nikubebe kwa toroli?"

Nikakaa kwenye kigoda, nikaosha kabureta kwa petroli na mswaki. Vumbi la huku likichanganyika na oili linaganda kama ukoko. Lilipotoka nikaona namba zilizogongwa ubavuni si zile ninazozijua. Shule niliishia darasa la nne, ila namba za kabureta yangu siwezi kuzisahau. Halafu matundu ya bolti yalikuwa yametanuliwa kwa tupa ili yalingane. Nilifungiwa kabureta ya bodaboda!

Nikaenda Ipagala na magongo yangu.

"Shikamoo mzee," fundi akasema.

"Marahaba. Kabureta yangu iko wapi?"

"Si iko kwenye pikipiki? Pole, ajali imekugusa kichwa."

"Kilichovunjika ni mguu."

Nikaiona kwenye rafu, katikati ya makopo. Nikachukua bisibisi yake, nikafungua bakuli la chini la kabureta mbele ya wateja. Boya linaloelea humo kwenye petroli lilikuwa na kovu la lehemu, pale nilipoliziba mwenyewe mwaka ule lilipotoboka.

"Na hili kovu ni la nani?"

Dereva mmoja wa bodaboda akaangua kicheko. "Fundi, mpe mzee kitu chake, umeumbuka."

Eti alikuwa ananitunzia. Kunitunzia!

Alikuwa keshaiharibu. Jeti, kile kipande chenye kitundu cha kupitisha petroli, ikiziba, mafundi wa namna yake huizibua kwa spoku ya baiskeli. Tundu linapanuka, injini inakunywa petroli kupita kiasi. Tena huku kwetu juu hewa ni nyepesi, jeti inayofaa Pwani huku ni kubwa mno. Nikachambua kopo lake nikapata ndogo kidogo kuliko ile ya zamani.

Nyumbani nikaifunga. Skrubu ya hewa nikaikaza taratibu mpaka ikagota, nikairudisha mzunguko mmoja na nusu. Nikakanyaga kiki. Kimya. Nikakanyaga tena, ikakohoa, na mguu ukakataa.

"Nipishe," mke wangu akasema.

"Hii si kazi ya wanawake."

"Basi kaa na mguu wako."

Nikampisha. Akajifunga khanga kiunoni, akavaa raba zangu, akakanyaga kwa uzito wote. Ikawaka! Nikageuza skrubu kidogo kidogo huku nikisikiliza, mpaka mlio ukatulia. Tulipozunguka mtaa nikachomoa plagi: rangi ya ugali wa mtama, ndivyo inavyotakiwa.

Asubuhi tukaenda Buigiri, yeye nyuma na vikapu. Tulipofika shambani akanibonyeza begani.

"Usiizime. Nisije nikashindwa mbele ya watu."

Nikaizima makusudi. Akanitukana, akashuka, akapandisha khanga, na majirani wakaacha kuchuma zabibu ili watazame. Mkanyago mmoja tu, ikawaka.