Paneli ya Motaleb Iliyotazama Njia

Motaleb Sikder alilima tambuu. Shamba la tambuu kijijini kwetu Char Shaluk ni kama nyumba: kuta za mianzi, paa la majani, ndani giza na unyevu, kwa kuwa mmea wenyewe haupatani na jua. Basi bwana huyu aliishi kwa kuuza kivuli mpaka miaka hamsini na sita. Kivuli kikamlea, kikamwozea binti yake Ruma kule mjini Barisal, kisha akaamua kununua jua.

Mwanga haukumshughulisha sana, maana alilala mapema kuliko kuku. Ugonjwa wake ulikuwa kutaka kutangulia. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kijijini kuvaa saa ya mkono, na iliposimama saa nne na robo aliendelea kuivaa, akasema saa nne na robo ni wakati mzuri. Aliposikia kwamba jirani yake Mridha, mfuga bata, ameanza kuulizia sola, aliuza fahali wake wiki hiyohiyo.

Fundi Dipankar alikuja kutoka Golachipa na paneli, betri na taa tatu. Nilikuwepo, kwa kuwa kibanda changu cha cherehani kinatazamana na mlango wa Motaleb, na mambo yake hayakunipita. Dipankar alitazama juu, akatazama nyumba, akaonyesha upande wa nyuma.

"Mzee, tuiweke kule, ielekee kusini."

"Kule kuna nani?"

"Kuna zizi."

"Kwa hiyo ng'ombe ndio watakaonipa hongera?"

Mbele ya nyumba, upande wa kaskazini, kuna tuta la kuzuia maji ya bahari, na juu ya tuta hupita kila mtu anayekwenda sokoni, msikitini au kusengenya. Motaleb akanyoosha kidole huko.

"Igeuze itazame njia."

"Mzee wangu, jua halipiti njiani."

"Wewe ni fundi wa waya. Mambo ya heshima niachie mimi."

Ikawekwa kwenye nguzo mbele, imeinamia tuta kama inayosalimia wapita njia. Miezi ya kwanza jua lilikuwa utosini, likamulika kila kitu bila ubaguzi, na taa ziliwaka. Motaleb akatoka nazo kifua mbele.

Halafu ikaja Srabon, mwezi wa mvua kubwa. Mawingu yalishuka mpaka ukadhani yameanikwa juu ya minazi, na kwa siku kumi na tisa hatukuona kivuli chetu. Watu walikuwa wamezoea kumletea simu wazichaji, naye alizipokea kwa mikono miwili kama sadaka. Sasa zikawa zinarudi maiti.

"Kaka Motaleb," Mridha akalalamika, "simu yangu nimeileta ina pumzi kidogo. Mbona umenikabidhi marehemu?"

"Mungu ameleta mawingu. Unataka nimshtaki wapi?"

Motaleb aliyapenda mawingu yale kuliko mkulima yeyote. Yalimbebea lawama yote.

Lakini mvua ilikwisha. Anga ikasafika, jua la kipupwe likalala chini upande wa kusini, likawa linaingia zizini moja kwa moja. Ng'ombe waling'aa. Mridha naye alikuwa ameshanunua yake, akaiweka nyuma ya banda la bata asikoiona mtu, na nyumba yake ikawaka kama ya harusi. Kwa Motaleb, taa zilizimika kabla maji ya wali hayajachemka.

"Mwanga mkali unaumiza macho," alitueleza. "Nimeupunguza."

Mkewe, Hosneara, alikuwa akipika samaki kwa mwanga wa kibatari na moshi ukimtoa machozi. Siku Motaleb alipokwenda Golachipa kuuza tambuu, safari ya siku mbili, Hosneara aliingia kibandani kwangu.

"Shemeji, una kitambaa cha buluu iliyokoza?"

"Cha kushona nini?"

"Sola."

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Yeye hakucheka. Alikuwa ameng'oa kioo cha kabati la vyombo na kukipima. Nikamshonea bitana ya buluu, na kwa uzi mweupe nikagawa vyumba thelathini na sita, kama vya paneli yenyewe. Sijasifia kazi yangu mara nyingi, lakini ile ilikuwa kazi. Dipankar aliitwa, akahamishia paneli ya kweli juu ya zizi, akapitisha waya ndani ya makuti, na kile kioo chenye bitana akakifunga kwenye nguzo ya mbele.

Motaleb aliporudi, taa zilikuwa zikiwaka. Zikawaka kesho yake, na keshokutwa. Zizini hakuwa akikanyaga, kwani harufu ile haikumfaa mtu mwenye umeme. Hosneara alikuwa amekusudia kumweleza, lakini mumewe akawahi kufungua mdomo.

"Mmeona? Jua la kaskazini huchelewa kukomaa, lakini likikomaa halina mfano. La kusini ni jepesi, la watu wa bata."

Alilirudia hilo msikitini, sokoni, na kwangu kila asubuhi. Hosneara akaitunza siri yake, nami nikainamia cherehani. Baada ya wiki tatu Mridha akashindwa kuvumilia. Akaihamisha paneli yake na kuielekeza kaskazini. Usiku wa tatu bata wake wakalala gizani, naye pia.

Kesho yake mchana alikuja na ngazi. "Kaka, niruhusu nione umeifungaje. Huenda kuna siri."

"Panda, ujifunze," akasema Motaleb, na akaita watu washuhudie.

Mridha akapanda. Akagusa. Akagonga kioo kwa ukucha, akachungulia nyuma yake, akavuta uzi mweupe uliokuwa umening'inia.

"Huu ni mshono," akasema.

Tuta zima likalipuka kwa kicheko. Motaleb alimtazama mkewe mlangoni, kisha akanitazama mimi. Nikatafuta sindano ambayo haikupotea.

"Mama Ruma. Tangu lini?"

"Tangu ulipokwenda na tambuu. Ya kweli iko kwa ng'ombe, Baba Ruma. Nimechoka kulia jikoni na hakuna aliyefiwa."

Motaleb aliingia ndani, na kwa siku mbili hatukumwona. Siku ya tatu alikwenda zizini, akasimama akiitazama paneli muda mrefu. Jioni hiyo alivuta waya mwenyewe na kuongeza taa ya pili jikoni.

Mridha aliirudisha paneli yake kusini kwa ushauri wa Hosneara. Wengine nao wakaanza kumwita kabla ya kuwaita mafundi. Hupita nyumba kwa nyumba akitafuna tambuu, anatazama kivuli cha minazi kinaangukia wapi, anasema, "Hapa. Hapana, sogeza." Motaleb humfuata nyuma na ngazi begani. Juzi mgeni mmoja alimuuliza kama yeye ndiye msaidizi wa mama yule.

"Msaidizi?" akasema Motaleb. "Katika kijiji hiki, mimi ndiye wa kwanza kuwa na ngazi yake mwenyewe."