Twahir, maji yale hayakuwa ya kisima

Ijumaa, mwezi wa pili. Miaka mitatu na miezi mitano tangu nitoke Mombasa.

Akili imekataa. Nimeufungua ujumbe wa kundi mara sijui ngapi, labda nimesoma vibaya: "Twahir wa Kuze ametutoka. Maziko baada ya alasiri." Nimeuona wakati wa mapumziko hapa saiti ya ujenzi, kofia ya kazi bado kichwani. Huko mlikuwa mmeshamzika.

Fomeni kaniuliza kama ni ndugu. Nikasema ndiyo. Kanipa dakika kumi.

Kwa msiomjua: mimi niliishia darasa la saba, nikawa hamali sokoni Marikiti. Yeye alifika chuo, akasomea mambo ya maji. Kule Kuze, mtaani kwetu, nyumba zetu ukuta mmoja. Hakunidharau hata siku moja.

Lakini mdomo wake! Alimwambia mwalimu mbele ya darasa, "Hesabu hiyo umekosea, mwalimu. Na mimi jana niliinakili hivyo hivyo bila kufikiri." Akikusuta, alianza na yeye mwenyewe.

Kabla ya uchaguzi mgombea mmoja alisafisha kisima cha mtaa wetu, akakipaka rangi na kubandika picha yake. Twahir akataka kuyapima maji yake, upimaji huo uwe ndio mradi wake wa mwisho chuoni. Siku ya kuteka alikuwa na mtihani. Akaniachia chupa. "Sule, usiioshe. Teka, funga, niletee."

Nikateka. Nikaiacha nyumbani, nikaenda kushusha viazi sokoni. Niliporudi kuichukua ilikuwa inang'aa. Nimefika barabara ya Ndia Kuu, nikanusa ubani chupani.

Nikampigia mama. "Mwanangu, maji yale yalikuwa na taka. Wataka wasomi watucheke?" Aliyamwaga, akajaza ya kunywa, yaliyochemshwa, kutoka mtungi wake aliokwisha kuufukiza ubani. Maji machafu hayapelekwi kwa watu. Ndivyo tulivyolelewa.

Kurudi kuteka tena niliona ni mbali. Mgongo uliniuma. Nikampa Twahir chupa, nikanyamaza.

Majibu yakatoka: safi. Mgombea akatangaza kwa kipaza sauti, "Hata wasomi wamekubali!" Watu wakanywa. Haukupita muda watoto wa mtaa wakaanza kuharisha. Binti wa dadangu akalazwa.

Twahir akateka kwa mkono wake, akapima tena. Maji ya choo yalikuwa yameingia kisimani. Supavaiza wake chuoni akamshauri anyamaze, shahada iko mlangoni.

Akasimama nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa. "Jamani, niliwaambia maji ni safi. Si safi. Sikuyateka mwenyewe, na nikatia jina langu. Kosa ni langu. Msinywe."

"Jana safi, leo machafu! Umelipwa na nani, we kijana?" mzee mmoja akamkatiza. Vijana wa mgombea wakamwita Daktari wa Choo. Jina likamganda. Chuo kikamrudisha nyuma mwaka mzima kwa kupima maji asiyoyateka mwenyewe.

Nami nilikuwa pale pale, nimeegemea mkokoteni wangu.

Siku naondoka alinisindikiza. Nataka kuingia garini, akaniambia, "Sule, ile chupa ilinukia ubani."

Yeye anacheka. "Ubani wa mamako naujua tangu utoto. Nilidhani ni mikono yako. Nilinusa, nikapuuza. Kosa langu nimeshalisema. Lako utalisema mwenyewe, siku ukiwa tayari."

Miaka mitatu. Kila Idi tulisalimiana kwa simu, na hakuwahi kuniuliza. Bora angeniuliza.

Zile dakika kumi nimempigia mama, nikamwambia nataka kuandika haya. Alilia. Kisha akasema, "Andika, mwanangu. Na mimi nitie. Usinifiche."

Basi, watu wa Kuze: Twahir hakulipwa na mtu. Maji ya kwanza hayakuwa ya kisima, yalikuwa ya mtungi wa mamangu. Mama alikosea kwa heshima. Mimi nilijua, nikanyamaza, kwanza kwa uvivu, halafu kwa woga.

Twahir, ndugu yangu, wewe ulisema ungali hai na ikakugharimu. Mimi nimengoja mpaka huwezi kunisikia. Nisamehe. Mola akunyweshe huko maji yasiyohitaji kupimwa.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Ijumaa ya kwanza nikifika, nitasimama pale pale uliposimama, niyaseme haya kwa mdomo.