Mjamzito na Sosi ya Mayai Mabichi

Juzi nilimsindikiza mke wangu kwa mkunga hapa Korogwe. Mbele yetu walikuwa watu watatu kutoka Sindeni: mama mjamzito, mama mkwe wake, na mumewe, mpishi wa bwana mmoja wa shamba la mkonge. Mume alikumbatia bakuli kama mtoto mchanga.

"Mke wangu hali kitu, ila anaitamani sosi hii ya Kizungu," alimwambia mkunga. "Nimeipiga mwenyewe kwa viini vya mayai, mafuta na siki."

"Umeipika?"

"Haipikwi, mama. Ikiona moto inakatika, mafuta yanajitenga."

Mkunga alilisukuma bakuli kwa kidole kimoja. "Yai bichi laweza kumharisha na kumtia homa, hata mtoto akadhurika. Mpe mchuzi wa mayai yaliyochemshwa mpaka kiini kiwe kigumu."

Mama mkwe akadakia, "Mayai hapana, yawe mabichi yawe yamepikwa! Atazaa mtoto mwenye kipara!"

Mjamzito akanyoosha mkono akamvua mumewe kofia. Kichwa kiling'aa kama sufuria mpya.

"Samahani, mama," akamwuliza mkwewe kwa adabu, "katika mimba ya huyu ulikula mayai mangapi?"

Tuliokuwa pale tulicheka mpaka mkunga akatukemea. Mama mkwe hakucheka. Alikitazama kichwa cha mwanawe.

"Nilikatazwa," akasema kwa uchungu. "Sikuonja hata moja. Twende tukachemshe, na mimi mnipe langu."

Wenzangu wenye vipara, tafuteni sababu nyingine.